Mvua Juu, Heshima Chini

Matroni hakuwa mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Alilishika begi lako, akalipima uzito kwa mkono mmoja, kisha yeye ndiye aliyekwambia. "Unakwenda Kigoma, siku mbili, na kuna mtu huko unataka akuone umependeza." Mara nyingi alipatia. Wakati mwingine alipatia hata yale ambayo mwenyewe hukutaka yasemwe, ndiyo maana baadhi ya walimu, wakiwa na safari zao, walipitia nyuma ya jiko.

Tulifanya kazi pamoja kwenye sekondari ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kasulu, yeye matroni wa bweni, mimi mwalimu wa Jiografia. Nyumba zetu zilikuwa chini ya paa moja, zimegawanywa na ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua siku anazokoroma na siku ambazo hakulala. Nilipofika mwaka 2012 nikitokea Tanga, begi langu lilikuwa na madera manne, ndala jozi mbili na sweta moja la kuazima. Alilifungua juu ya kitanda changu bila kuomba ruhusa, akayainua madera moja moja kama mtu anayechambua mtumba.

"Mwalimu wa Jiografia," alisema, "hivi huko chuoni somo la Kasulu hamkulifikia?"

Nilichukia. Wiki mbili baadaye, nimelowa mara ya tatu na kikohozi kimenikaa kifuani, nilikwenda mwenyewe kumgongea anifundishe.

Hali ya hewa ya kule ina vituko, hasa mvua zinapoanza, Oktoba na Novemba. Asubuhi ukungu umelala kwenye migomba na hutaki kutoka kwenye blanketi. Saa nne jua linachoma, na barabara inatoa vumbi jekundu ambalo utalikuta hadi kwenye meno. Saa nane inashuka mvua ya mawe, saa kumi jua limerudi, na tope linakuvua viatu. Miezi hiyohiyo ndiyo ya mahafali, harusi, kipaimara na wageni rasmi. Mtu anatakiwa apite katika yote hayo, halafu akae mbele za watu kana kwamba ametokea chumba cha pili.

Matroni alikuwa na utaratibu wake, na kila msichana aliyelala kwenye bweni lile aliujua kuliko sala. Mvua juu, jua katikati, heshima chini. Juu ya begi yanakaa mabuti, sweta na koti la mvua, kwa sababu mvua haikusubiri upekue. Katikati inakaa nguo nyepesi na kitambaa cha kujifunika vumbi. Chini kabisa linakaa gauni la sherehe, limegeuzwa ndani nje, limeviringishwa kwenye kanga kuukuu na kufungwa ndani ya nailoni. Nailoni zenyewe zilikuwa zile za ndani ya mifuko ya mbolea, anazifua kwa sabuni mara tatu mpaka zinaacha kunuka. Wasichana aliwapa bure. Ila yake mwenyewe ilikuwa moja, ina kiraka kwenye kona alichokiunganisha kwa kisu cha moto, na hiyo hakumwazima mtu, hata mkuu wa shule aliponyimwa alicheka tu.

Na heshima haivaliwi njiani. Unasafiri na nguo za kuchakaa, ukifika unaingia nyumba iliyo jirani na ukumbi, unasalimia, unaomba maji. Kule hakuna anayekataa. Mwenye nyumba anakupa beseni na chumba, anatoka nje na watoto wake, anasubiri mpaka unaosha miguu na kubadilisha. Ukiingia ukumbini na tope, hakuna atakayesema umetoka mbali au mvua imekukuta. Watasema huyu hakuomba maji.

Nilimwona akilisimamia hilo siku ambayo mtu mwingine asingethubutu. Kila jioni alisikiliza matangazo ya vifo redioni, sikio kwenye spika, ajue ni begi la nani litatakiwa kesho. Jioni moja ilisomwa habari ya baba wa msichana wa kidato cha pili, mtu wa kijiji cha Titye. Matroni alikwenda bwenini, akamkalisha yule mtoto, akamwambia mwenyewe, kwa maneno machache, kisha akaanza kumfungia begi huku mtoto analia. Gauni jeusi likaenda chini. Mtoto akalitoa, anataka kuondoka nalo mwilini. Matroni akalirudisha. Wakavutana hivyo mara tatu.

"Utafika na tope, mwana wanje," alimwambia, yaani mwanangu kwa Kiha. "Baba yako hakukusomesha uje umzike na tope."

Niliona ni ukatili. Msichana aliporudi aliniambia kwamba siku ile, katika watoto wote wa marehemu, yeye peke yake ndiye aliyesimama kaburini akiwa msafi, na mama yake alimshika mkono muda wote. Sijui mpaka leo kama hilo linaufuta ukatili. Matroni mwenyewe hakuuliza.

Hakuwa mtu mwepesi kupendwa. Alikula peke yake. Sukari yake aliifungia kabatini. Alikuwa na ulimi, na wasichana waliokata sketi kuzifupisha walikuta pindo limeshushwa tena, kwa mshono wa mkono mzuri kuliko wa cherehani, na jina la utani juu yake. Lakini kitu alichokichukia kuliko uchafu kilikuwa uongo, na hapo ndipo nilipomwelewa vibaya kwa muda mrefu.

Kulikuwa na msichana aliyeomba ruhusa ya kwenda kliniki mjini. Begi lake lilikuwa na manukato na viatu vyekundu, kadi ya kliniki haimo. Matroni alimfungia mlango, akamfanya atoe kitu kimoja kimoja na kusema ni cha kazi gani, mpaka akafika kwa mwanamume na jina lake. Walikaa humo saa nzima. Mkuu wa shule alipouliza, Matroni alijibu bila kupepesa macho kwamba mtoto alikuwa anakwenda kliniki, amemwahirishia.

"Si ulisema unachukia uongo?" nilimtania.

"Uongo wa nje niachie mimi," alisema. "Kwanza tumeambiana ukweli sisi wawili. Hao wa nje nitawaambia ninachotaka."

Nilicheka, nikadhani ni ujanja wa wazee. Ningelishika neno lile, yaliyofuata yasingefuata.

Alikuwa na binti mmoja. Mumewe alifariki kabla sijafika, na huyo binti alikuwa anasoma uuguzi Kibondo. Matroni hakumwita kwa jina. Alisema "nesi wangu", na aliposema hivyo uso ulilegea. Katikati ya mwaka 2013 binti alikuja likizo, siku nne, akaondoka. Ukutani nilisikia siku hizo kwamba Matroni hakoromi. Sikufikiria kitu.

Novemba ya mwaka huo nilipangiwa kusimamia mtihani wa kidato cha nne Kibondo. Matroni alinifungia begi, kisha akanipa kifurushi: sweta la kijani alilolifuma mwenyewe, lenye vifungo vya mbao.

"Mpelekee nesi wangu," alisema. "Mtazame vizuri. Ukirudi uje uniambie ulichokiona."

Alilirudia lile la mwisho, nami nikaitikia bila kusikia, kama mtu anavyoitikia salamu.

Kwenye geti la chuo mlinzi alinisikiliza, akakuna kichwa. "Huyo dada aliacha, madamu. Tangu mwezi wa pili. Alifeli, akaambiwa arudie, hakurudi. Wanasema anaishi na mtu hapa mjini." Alisema ni mtu gani, dereva, na ni mtaa gani. Mtaa wenyewe ulikuwa mwendo wa dakika kumi. Nilisimama pale na sweta mkononi, nikaona aibu kwa niaba ya watu wawili ambao hawakuwepo. Ikaanguka mvua. Mlinzi alikuwa anatetemeka kwenye shati la kazi, nikampa sweta, nikaondoka. Ule mtaa sikwenda.

Niliporudi Kasulu, Matroni alinisubiri barazani. Alikuwa peke yake, na vikombe viwili vya chai vilikuwa tayari, kimoja kina sukari.

"Umemkuta?"

Nilikuwa nimekaa kwenye gari saa nyingi nikitafuta namna ya kusema. Nilipouona ule uso umelegea, nikasema, "Yuko zamu wodini, Mama. Nimemwachia mlinzi mzigo."

"Yuko zamu," alirudia.

"Ndiyo. Wanamsifia."

Hilo la kusifiwa sijui lilitoka wapi. Matroni alitazama begi langu, siyo mimi, akalitazama muda mrefu. "Ego," alisema hatimaye, ile ndiyo ya kwao, akanisogezea chai.

Ningeishia hapo labda. Lakini uongo ukishausema unauonea huruma kama mtoto wako, unataka usimame kwa miguu yake. Mkuu wa shule alipopita akauliza habari za Kibondo, mimi ndiye niliyejibu, kwa sauti ya furaha, kwamba binti wa Matroni yuko wodini na mwakani tutakwenda mahafali wote. Mkuu akapiga makofi. Akasema hatuwezi kumwacha Matroni aende peke yake kama yatima, lazima tuvae sare. Siku ya nne akaja na sampuli ya kitenge, cha njano chenye ndege, akapita nayo mlango hadi mlango.

Matroni naye akaanza kushona gauni. Satini ya zambarau, kola ndefu, mikono ya kufunika kiwiko. Alilishona mwaka mzima, polepole, na kila nilipomwona na sindano nilijiambia nitamwambia wiki ijayo. Nilikuwa na sababu nyingi. Ana presha. Karibu ni Krismasi. Huenda binti amerudi chuo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuonekana mwongo, nikaona afadhali yeye aumizwe na mtu mwingine.

Novemba 2014, mahafali yakiwa Jumamosi, Matroni aliondoka Alhamisi alfajiri. Alimwambia mkuu wa shule kwamba chuo kimebadilisha, nafasi ni mzazi mmoja tu. Nilitoka nje na mswaki mdomoni nikamwona anapanda bodaboda: mabuti, sweta kuukuu, begi mgongoni. Nilijua kilicho chini ya begi lile na kilichoviringishwa ndani ya nailoni yenye kiraka. Alinitazama. Nikainua mkono nikampungia.

Sare zetu za ndege zilibaki zimetundikwa. Jumapili alirudi. Tulimzunguka, tukamuuliza, naye akavua mabuti polepole.

"Imeenda vizuri," alisema. "Mvua ilinyesha, picha hazikutoka."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, na kwa aibu yangu nasema wazi kwamba nilipata nafuu. Niliona ameamua kuficha, basi tumefichiana, yamekwisha. Januari akaomba kustaafu kabla ya wakati, akaenda kwao karibu na Kibondo. Kwenye ukuta wangu akahamia mwalimu wa hesabu.

Mwaka 2015 ulikuwa mbaya kule. Warundi walikuwa wanavuka mpaka kila siku, na mabasi yaliyowabeba kwenda kambini yalipita, watu wamekaa na vibegi mapajani, wengine wamevaa nguo za kanisani maana ndizo walizokuwa nazo walipokimbia. Novemba nilipata uhamisho wa kurudi Tanga, na kabla ya hapo nilikuwa na harusi ya mdogo wangu Mwanza. Gari lilipofika Kibondo kulikuwa na saa tatu za kusubiri jingine. Nilipanda bodaboda hadi kwa Matroni.

Nilimkuta shambani anapanda maharage. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau. Kola ilikuwa imefumuka, pindo limekuwa jekundu kwa tope hadi magotini, na mikono aliikata kwa ajili ya jembe. Nilikosa pa kuweka macho.

"Mwakeye, Mwalimu," alinisalimu kwa Kiha. Aliona ninachokitazama. "Lilishapata tope. Sasa ni nguo tu."

Akanawa mikono, akalichukua begi langu, akalipima. "Mwanza. Harusi. Ya mdogo wako, amekutangulia." Akaingia nalo ndani, akamwaga kila kitu kitandani. Nilikuwa nimefunga ovyo, gauni langu la harusi liko juu. Aliliweka kando. Alianza kukunja, na wakati anakunja akaongea, kwa sauti ileile ya kupanga nguo.

"Siku ya mahafali mlinzi alikuwa amevaa sweta langu."

Nilikaa chini.

"Linambana mabegani. Akataka kulivua, nikamwambia abaki nalo. Baridi ya getini naijua."

"Mama, nisamehe. Sikutaka uumie."

"Mimi nilijua tangu mwezi wa sita," alisema. "Alipokuja likizo nilifungua begi lake. Hakuna sare nyeupe. Mwanafunzi wa uuguzi anarudi na sare chafu, mama yake afue. Begi la mwanangu lilikuwa na nguo za sokoni tupu, na nyingine hakununua yeye."

"Sasa kwa nini ulinituma?"

Akaacha kukunja. "Nilitaka tuwe wawili. Urudi uniambie, nilie, kesho yake tupande gari tukamtoe huko aliko. Peke yangu nilishindwa. Nisimame getini, mimi, niulize mwanangu yuko wapi?" Akachukua mabuti yangu, akayafuta. "Nilikusubiri siku tatu. Nikasema anaogopa, atagonga. Ukuta ni mmoja. Siku ya nne kikaja kitenge."

Nje kuku alikuwa anaparua majani, nakumbuka nilimsikiliza kuku.

"Krismasi alikuja, wewe uko likizo Tanga," aliendelea. "Akanikuta nashona. Akashika pindo, akauliza ni la nani. Nikamwambia la mahafali yako, walimu wote wanakuja, wamenunua sare. Nikangoja aseme. Naye labda aliningoja mimi. Akalala siku moja tu. Wiki ya mahafali akapiga simu. 'Mama, usije.' Basi. Ile namba haijapatikana tena."

"Lakini ulikwenda."

"Nilikwenda. Niliomba maji nyumba ya jirani, nikaosha miguu, nikavaa. Nikakaa mstari wa wazazi hadi jina la mwisho. Nilifikiri atapita kuwatazama wenzake, hata kwa mbali. Nikataka anione nimevaa, ajue nimekuja hata hivyo." Alifunga zipu ya mfuko mdogo. "Yule dereva alishahama naye. Wengine wanasema Kahama, nimekwenda mara mbili. Wengine wanasema walivuka Burundi. Sasa mabasi ya wakimbizi yakipita nasimama barabarani, natazama madirishani."

"Tutamtafuta, Mama," nilisema. "Nikirudi kutoka Mwanza."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu usoni badala ya begi lake. "Wewe umehamishwa Tanga," alisema. "Begi lako lina vitu vya mtu asiyerudi."

Nililia. Yeye hakulia, na hakusema amenisamehe. Alivuta zipu, akasimamisha begi mlangoni, akasema gari litaniacha. Nilipogeuka kwenye kona alikuwa ameshainama shambani.

Njiani ilinyesha mawe, na begi langu lilikuwa juu ya gari. Mwanza niliingia nyumba ya jirani wa ukumbi, nikaomba maji, wakanishangaa lakini wakanipa. Nikafungua. Juu mabuti, sweta na koti, vimelowa chapa. Katikati nguo nyepesi, nazo zimelowa. Chini kabisa gauni langu la harusi lilikuwa limefungwa ndani ya nailoni kuukuu, safi, yenye kiraka kwenye kona. Lilitoka kavu, halina hata mkunjo. Nikalivaa, nikaenda kukaa na ndugu wa bibi harusi, na watu wakanisifia jinsi nilivyopendeza.